Bega bandia la kinyume: linachoweza na lisichoweza

Malalamiko kuhusu upasuaji wa kuweka bega bandia la kinyume yanafanana: "Maumivu yamekwisha, lakini mkono haufiki mgongoni." Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kiungo hiki ndivyo kilivyoundwa, na jambo hilo linapaswa kuelezwa kabla mgonjwa hajatia saini fomu ya ridhaa.

Bega la asili lina tufe kwenye mfupa wa mkono na kikombe chenye kina kidogo kwenye bapa la bega. Kano nne ndizo hulituliza tufe mahali pake. Kano hizo zikichanika vibaya na misuli yake kugeuka mafuta, tufe hupanda juu na mkono hauinuki. Bega bandia la kawaida halimsaidii mgonjwa huyo, kwa sababu nalo hutegemea kano zilezile. Mwaka 1985 Paul Grammont, daktari wa Dijon nchini Ufaransa, aligeuza mpangilio: tufe likahamia kwenye bapa, kikombe kikawekwa juu ya mfupa wa mkono. Hivyo msuli wa deltoidi, unaofunika bega kwa nje, ulipata wenzo wa kuinua mkono bila kano. Kinachogeuzwa ni vyuma vya ndani. Wapo wanaouliza kama kiganja nacho kitatazama nyuma: hakitatazama.

Deltoidi ikiwa imepooza, upasuaji huu haufanyiki. Wanaofaa zaidi ni wazee wenye kano zisizoshoneka, au waliovunjika kichwa cha mfupa vipande vipande. Kwa waliovunjika, wiki za kwanza ni muhimu mno. Kuchua bega kwa mafuta miezi miwili kwanza, ndipo hospitali ikumbukwe, hufanya kazi iwe ngumu na matokeo kuwa duni.

Kabla ya upasuaji hupigwa eksirei na CT scan kupima mfupa wa bapa, maana skrubu hushika hapo. Kipimo cha HbA1c, yaani wastani wa sukari ya damu kwa miezi michache iliyopita, kikizidi asilimia 8, kwa kawaida tarehe husogezwa. Aliyechomwa sindano ya steroidi begani ndani ya miezi 3 husogezwa pia, kwa sababu hatari ya maambukizi hupanda. Usifiche sindano hiyo ili usikose nafasi. Baada ya upasuaji, stika zenye namba za kila kipande hubandikwa kwenye faili. Omba nakala. Siku kiungo kikihitaji kurekebishwa, au ukipelekwa kupimwa MRI (picha ya mashine ya sumaku), namba hizo ndizo zitakazoulizwa, na bila hizo daktari atabahatisha aina ya kifaa.

Slingi, kitambaa cha kuning'iniza mkono shingoni, huvaliwa wiki 4 hadi 6, usiku pia, ila wakati wa mazoezi uliyopewa na mtaalamu wa fiziotherapia. Hatari ya kuteguka ni kubwa zaidi miezi 3 ya mwanzo, hasa mkono ukienda nyuma huku umebanwa mwilini na kuzungushwa ndani. Katika maisha ya kila siku mkao huo ni kuchomeka shati, kufunga sidiria kwa nyuma, au kujiinua kutoka kwenye mkeka kwa kuegemea kiganja. Wanaosali wasali wakiwa wamekaa kwenye kiti wiki 12. Kuinuka kutoka sijda kwa kusukuma sakafu kumeshategua mabega yaliyowekwa vizuri kabisa. Kama bega la kushoto ndilo litakalopasuliwa, jizoeze mapema kujisafisha chooni kwa mkono wa kulia. Watu huona aibu kuliuliza, kisha hulalamika baadaye.

Matokeo kwa wengi ni mazuri. Maumivu hupungua sana, na mkono uliokuwa haufiki usawa wa bega huinuka hadi nyuzi 120 au 140: unachana nywele, unafikia rafu. Maendeleo huendelea hadi mwaka mzima. Takriban viungo 9 kati ya 10 huwa bado vipo baada ya miaka 10. Lakini ndoo ya lita 20 ni kilo 20, nayo imezidi kiwango cha mkono huu maisha yako yote. Kutwanga na kulima kwa jembe vimo humo humo. Maumivu mapya juu ya bega, bila kuanguka, yanaweza kuwa ufa kwenye ncha ya bapa inayovutwa na deltoidi. Njoo upigwe picha.

Maambukizi ya bega ni ya kichinichini. Bakteria aitwaye Cutibacterium acnes hukaa kwenye ngozi ya bega na kwapa, hukua polepole, na sampuli yake hubakizwa maabara hadi siku 14. Huenda usione usaha wala homa, ila maumivu na bega kukakamaa bila kuisha. Tafadhali usianze antibayotiki za duka la dawa kabla ya kuja. Zikishaingia mwilini, sampuli inaweza kutoka safi wakati kiungo kimeambukizwa, na itabidi uziache angalau wiki 2 ndipo tuchukue nyingine.