Fo-wili: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Gari la fo-wili halikwami." Imani hii kuhusu fo-wili, yaani injini kuvuta magurudumu yote manne, imewazamisha madereva wengi. Difu ya kawaida (gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia) haiwezi kulipatia tairi lenye mshiko nguvu kubwa kuliko ile inayopokelewa na mwenzake anayeteleza. Tairi moja la mbele na moja la nyuma yakining'inia hewani, hayo mawili yatazunguka bure na gari litabaki palepale, hata kama umeweka 4H (fo-wili ya mwendo wa kawaida). Loki ya difu ndiyo inayoyafunga magurudumu ya ekseli moja yazunguke pamoja, na si kila gari linayo.

"Kwa usalama, iache fo-wili hata kwenye lami." Hapa ndipo mitambo mingi inapouawa, kwa hiyo tuelewane vizuri. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye magari ambayo fo-wili huwekwa na kutolewa kwa gia, transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) huzifunga propela shafti mbili, yaani fito zinazopeleka nguvu hiyo kwenye difu, zizunguke sawasawa, na ile tofauti haina pa kwenda. Kwenye matope matairi huteleza kidogo na mkazo hutoka. Lami kavu haiachii. Usukani unakuwa mzito, gari linashtukashtuka kwenye kona kana kwamba breki zimekamata, kisha gia inagoma kutoka. Wengi hapo hudhani transfa imekufa, kumbe mara nyingi kurudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka kunatosha kuachia mkazo. Magari yanayovuta kwa magurudumu manne muda wote yana difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) au kifaa kingine cha kumeza tofauti hiyo, ndiyo maana lami haiyasumbui, ila difu hiyo isifungwe.

"Linasimama haraka zaidi." Hapana! Kila gari lina breki kwenye magurudumu yote manne. Fo-wili husaidia kuondoka, na kwenye utelezi humdanganya dereva kuhusu mshiko alionao.

Wapo pia wanaodhani 4L (fo-wili ya gia nzito) ni ya kujinasulia tu. Gia hiyo hupunguza mwendo na kuongeza msukumo, kwa magari mengi takribani mara 2.5, na kazi yake nzuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kushuka mteremko mkali injini ikilizuia gari bila kuchosha breki. Iweke gari likiwa limesimama au likitambaa.

"Tairi moja jipya si neno." Ni neno kubwa. Tairi lenye mzingo tofauti huifanyisha difu kazi bila kupumzika, na kwenye fo-wili ya muda wote laweza kuua transfa.

Na "nisipoitumia fo-wili haichakai"? Vyuma vya kuunganishia hushika kutu na sili (mipira inayozuia oili isivuje) hukauka. Iweke walau mara moja kwa mwezi, kilomita chache kwenye barabara ya vumbi.

Oili ya injini haifiki huko: transfa na difu zote mbili zina oili zao. Ukivuka maji ya kina, difu yenye joto hupoa ghafla na kuvuta maji kupitia sili au kipumulio (tundu lake la hewa). Fungua nati ya difu uangalie. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, imwage yote siku hiyohiyo, na kipumulio kizibuliwe kabla ya kujaza mpya.