Shika thamani, acha kuiuliza mapu kila mara

Kila ninapokagua programu za wenzangu hapa Kampala nakuta jambo lile lile: ndani ya kitanzi (loop), mtu anaiuliza mapu (map, hifadhi inayotunza kila thamani kwa ufunguo wake) kama ufunguo upo, anachukua thamani, anaongeza kitu, anairudisha. Kwenye skrini ni mistari michache tu. Kwa prosesa ni kutafuta kitu kimoja mara tatu, na kitanzi kikipita rekodi laki tano, gharama hiyo haijifichi tena.

Tuseme una ushirika wa kahawa unaonunua kwa wakulima wa Mbale, Sironko na Bududa. Kila mzigo unaopimwa unaingia kwenye faili kama mstari mmoja: tarehe, kituo, namba ya mkulima, kilo. Unatakiwa kutoa jumla ya kilo za kila kituo. Kwa Java, jumla ikiwa ndiyo mapu, wengi huandika hivi:

if (jumla.containsKey(kituo))
    jumla.put(kituo, jumla.get(kituo) + kilo);
else
    jumla.put(kituo, kilo);

Kila HashMap inapoulizwa, huomba hashi ya ufunguo (namba inayokokotolewa kutokana na ufunguo huo), huchanganya biti zake za juu na za chini, hupata namba ya chumba ndani ya safu, kisha hulinganisha funguo zilizomo chumbani mpaka ikutane na inayolingana. Utaambiwa kwamba String (kipande cha maandishi kwenye Java) hutunza hashi yake, kwa hiyo haikokotolewi mara mbili. Ni kweli, ila hashi hiyo hutunzwa ndani ya String ile ile. Unaposoma faili, kila mstari unazaa String mpya, hata kama mistari elfu yote imeandikwa “Budadiri”. Hashi inaanza upya kila mstari. Na kwa kuwa ufunguo uliomo kwenye mapu ni kitu kingine kabisa kwenye kumbukumbu, kuulinganisha nao ni kupita jina lote hadi herufi ya mwisho. Ulinganisho huo, kwa msimbo wa hapo juu, ni mara tatu.

Tangu Java 8 ya mwaka 2014 tuna njia ya kuuliza mara moja:

Jumla j = jumla.computeIfAbsent(kituo, k -> new Jumla());
j.kilo += kilo;

computeIfAbsent hurudisha thamani iliyopo, au huunda mpya kama haipo. Jumla ni klasi ndogo yenye sehemu moja tu, long kilo. Usiidharau klasi hiyo, maana faida yote imekaa hapo. Ukiweka Long (namba iliyofungwa ndani ya kitu cha Java) ndani ya mapu, hata ukiishika haikusaidii: Long haibadiliki, kila ukijumlisha inazaliwa nyingine, na lazima uirudishe kwenye mapu. Ukishika Jumla, unaongeza kilo papo hapo na mapu inaiona hesabu mpya bila kuguswa.

Sasa itazame faili yenyewe. Mara nyingi mistari ya kituo kimoja imefuatana, kwa sababu kila kituo kimeleta daftari lake likaingizwa lote. Karani wa mizani hafungi daftari kila anapomaliza gunia. Anauacha ukurasa wazi mpaka aje mkulima mwingine. Fanya vivyo hivyo:

if (!kituo.equals(kilichopita)) {
    j = jumla.computeIfAbsent(kituo, k -> new Jumla());
    kilichopita = kituo;
}
j.kilo += kilo;

Mapu sasa inaulizwa pale tu kituo kinapobadilika. Kama mistari imechanganyika ovyo, acha; utakuwa umeongeza ulinganisho mmoja kila mstari bila faida. Wala usiipange faili kwa ajili ya hili peke yake, kwani kupanga kunagharimu kuliko unachookoa. (Na data ikiwa tayari imo kwenye hifadhidata, iachie yenyewe ijumlishe kwa GROUP BY, amri ya SQL ya kujumlisha kwa makundi.)

Ukipita mapu yenyewe, tumia entrySet, inayokupa ufunguo pamoja na thamani yake. Kupita keySet (funguo peke yake) kisha kuita get ni kutafuta kitu ulichokuwa umekishika mkononi.

Linaloniogofya zaidi ni thamani iliyochakaa. Tuseme umeshika bei ya kituo, na sehemu nyingine ya programu ikaita put kuweka bei mpya kwa ufunguo ule ule. Wewe utaendelea kulipa wakulima kwa bei ya zamani, na Java haitasema neno: kosa la ConcurrentModificationException hutokea ufunguo unapoongezwa au kuondolewa wakati unapita mapu, siyo thamani inapobadilishwa. Kwa hiyo thamani unayoishika iishi ndani ya kitanzi kimoja, na ndani ya kitanzi hicho asiwepo mwingine wa kuibadilisha.

Lugha nyingine zina masharti yao. Kwenye Go, ukichukua struct (rekodi yenye sehemu zake) kutoka kwenye mapu umepewa nakala; ukiongeza kilo kwenye nakala, mapu haijui, hivyo weka vielekezi (anwani za thamani kwenye kumbukumbu). Kwenye C++, unordered_map (mapu ya hashi ya lugha hiyo) ikijipanua, itereta zote (vishikio vya kupitia mapu) huharibika lakini rejeo la thamani (jina jingine la thamani ile ile) hubaki salama, mradi ufunguo wake haujafutwa. Huko shika rejeo.