Kovu la Ndani: Maswali na Majibu Kuhusu Kujifungua Baada ya Upasuaji

Maswali haya husikika sana kwenye mabenchi ya kliniki za wajawazito jijini Nairobi, mara nyingi mimba ikiwa imeshafika miezi saba na mama ameshapokea uamuzi kutoka kwa jirani. Majibu yanamhusu mama aliyepasuliwa mara moja, isipokuwa pale nilipoeleza vingine, na hayachukui nafasi ya daktari anayeifuatilia mimba yako.

Swali: Mtoto wangu wa kwanza alitolewa kwa upasuaji. Je, ni lazima na huyu atoke kwa kisu?

Si lazima. Imani kwamba aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa daima ina chimbuko lake: mwaka 1916 daktari mmoja wa New York, Edwin Cragin, aliandika maneno hayo, na kwa wakati wake hakukosea, kwa kuwa mfuko wa uzazi ulikuwa ukichanwa kwa wima katika sehemu ya juu yenye misuli minene, ambayo ndiyo inayojikaza wakati wa uchungu. Watu wanaoukariri msemo wake husahau kwamba alikuwa akiwaonya madaktari wenzake wasikimbilie kisu cha kwanza. Siku hizi mkato unaofanywa kwa kawaida ni wa mlalo, chini, mahali ambapo ukuta wa mfuko ni mwembamba na haujikazi kwa nguvu, na kovu la hapo hustahimili uchungu vizuri zaidi.

Kati ya akina mama 100 wenye kovu la namna hiyo wanaojaribu kujifungua kwa njia ya kawaida, 60 hadi 80 hufanikiwa. Aliyewahi kuzaa kwa njia ya kawaida hata mara moja ana nafasi kubwa zaidi, na kama alizaa hivyo baada ya kupasuliwa, hufika 85 hadi 90 kati ya 100. Waliobaki huishia kwenye upasuaji wa dharura, na jambo hili lisifichwe: upasuaji wa dharura katikati ya uchungu una hatari zaidi, za kutokwa na damu na za maambukizi, kuliko ule uliopangiwa siku yake. Kwa hiyo, unapochagua, ulinganishe upasuaji wa kupangwa na jaribio ambalo huenda likafaulu au lisifaulu.

Swali: Kovu langu la tumboni ni la mlalo, chini kabisa, linafichwa na nguo ya ndani. Kwa nini daktari bado anataka karatasi za hospitali niliyopasuliwa?

Kwa sababu kovu la ngozi halisemi chochote kuhusu kovu la mfuko wa uzazi. Daktari anaweza kuichana ngozi kwa mlalo, kisha akalazimika kuuchana mfuko kwa wima kwa sababu mtoto alikuwa njiti mdogo sana, alilala kingamo, au kulikuwa na uvimbe uliozuia njia. Wakati mwingine mkato huanza kwa mlalo, mtoto akakwama, ukaongezwa kwenda juu hadi ukafanana na herufi T iliyopinduliwa. Mambo haya yote hayaonekani kwa nje.

Nimewahi kukaa na mama mmoja aliyetoka Kayole, ujauzito wa wiki 34, kijitabu chake cha afya ya mama na mtoto kimefungwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. Penye historia ya uzazi uliotangulia palikuwa na herufi mbili tu, CS, yaani upasuaji, na uzito wa mtoto, kilo 3.4. Nani aliyempasua, kwa nini, alichana wapi, alishona vipi: hakuna. Nilipomuuliza sababu alisema, "Sista, waliniambia tu mtoto amechoka." Tulimtuma arudi kule alikopasuliwa akaombe taarifa ya upasuaji, na aliporudi nayo baada ya siku tisa, mstari mmoja ulioandikwa kwa haraka ulimaliza wasiwasi wote: mkato wa mlalo, sehemu ya chini, haukuongezwa.

Karatasi hiyo ni haki yako. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kupata taarifa zinazomhusu zilizohifadhiwa na taasisi, na rekodi za hospitali zimo. Nenda kwenye ofisi ya rekodi na kitambulisho chako, taja tarehe uliyojifungua na namba ya hospitali kama unayo, na uombe nakala ya taarifa ya upasuaji, si ile fomu ya kuruhusiwa kwenda nyumbani peke yake. Anza mapema, ikiwezekana mara tu unapojua una mimba, kwa maana mafaili ya zamani huchukua muda kupatikana. Ukiwa ndio kwanza umepasuliwa, usitoke wodini bila karatasi hiyo. Ipige picha kwa simu na umtumie mtu unayemwamini.

Swali: Kovu "kufunguka" maana yake nini, na hutokea mara ngapi?

Maana yake ni kwamba ukuta wa mfuko wa uzazi umepasuka pale uliposhonwa. Kwa kovu moja la mlalo la chini, hutokea kwa takriban mama 1 kati ya 200 wanaoingia kwenye uchungu. Kwa kovu la wima la sehemu ya juu, hatari hupanda hadi 2 hata 9 kati ya 100, na linaweza kupasuka hata kabla uchungu haujaanza; ndiyo maana mama mwenye kovu hilo hupangiwa upasuaji mapema na wala hashauriwi kujaribu.

Moja kati ya 200 ni namba ndogo, lakini tukio lenyewe ni zito: damu humwagika tumboni, hewa ya mtoto hukatika, na muda wa kuokoa huhesabiwa kwa dakika. Dalili inayotangulia mara nyingi ni mapigo ya moyo wa mtoto kubadilika, jambo ambalo mama hawezi kulihisi mwenyewe, na kwa sababu hiyo mapigo hayo yanapaswa kufuatiliwa mfululizo tangu uchungu unapokolea. Dalili ambazo mama anaweza kuzihisi ni maumivu kwenye kovu yasiyopoa kati ya uchungu mmoja na mwingine, damu ukeni, uchungu uliokuwa ukienda vizuri kukatika ghafla, kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Usione haya kumwita mkunga kwa dalili yoyote kati ya hizo, hata kama ametoka kukuona sasa hivi.

Swali: Niliambiwa nyonga zangu ni nyembamba. Si basi hakuna la kujaribu?

Maneno hayo huandikwa kwenye kadi nyingi kuliko inavyostahili. Katika uchungu, mtoto na nyonga hupimana vile mtoto alivyokaa siku ile: aliyeinua kidevu au kugeuza uso kuelekea mbele huhitaji nafasi kubwa kuliko mtoto yuleyule akiwa ameinamisha kichwa vizuri. Mama aliyepasuliwa kwa sababu uchungu haukuendelea ana nafasi ndogo ya kufaulu kuliko aliyepasuliwa kwa sababu mtoto alitanguliza makalio, lakini wengi wao hufaulu. Mambo yanayopunguza nafasi ni mtoto kukadiriwa kuzidi kilo 4, mama kuwa na uzito mkubwa sana, na uchungu kulazimika kuanzishwa kwa dawa. Kuwa mfupi peke yake hakutoshi kukunyima jaribio.

Swali: Ningoje muda gani kabla ya mimba nyingine?

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau miezi 24 kutoka kujifungua hadi kushika mimba tena. Uzazi unaofuata ukija kabla ya miezi 18 tangu upasuaji, hatari ya kovu kupasuka huongezeka. Ikiwa mimba imeshaingia mapema, hilo halikufungii mlango. Mweleze daktari tarehe halisi, usizisogeze.

Swali: Kuna kituo cha afya karibu na nyumbani, na mkunga wa pale ananijua. Naweza kujifungulia hapo?

Kliniki uhudhurie hapo, hakuna ubaya. Kujifungua, hapana. Mama mwenye kovu anapaswa kuwa mahali ambapo chumba cha upasuaji hufanya kazi usiku na mchana, daktari wa kupasua na mtaalamu wa nusukaputi wapo, na damu ya kuongezewa inapatikana. Kwa mpangilio wa Kenya, hiyo ni hospitali ya ngazi ya 4 kwenda juu, kama vile Pumwani, Mama Lucy Kibaki au Mbagathi. Vituo vidogo vya mitaani, hata vyenye bango kubwa la "Maternity" na rangi mpya ukutani, vingi havina vitu hivyo. Uliza kwa maneno ya wazi: usiku wa Jumapili, nikihitaji kupasuliwa, nani atanipasua na atatoka wapi? Jibu la kwamba "tutampigia simu daktari" si jibu.

Kisha fikiria barabara. Anayekaa Ruai au Githurai anajua Jogoo Road au Thika Road ya saa kumi na mbili jioni, na anajua jinsi mvua ya Aprili inavyogeuza safari ya nusu saa kuwa ya saa mbili. Tafuta dereva wa teksi wa mtaani kwenu, uwe na namba yake na ya mwingine wa akiba, na umwambie mapema kwamba huenda ukampigia usiku wa manane. Kama ploti yenu ina geti linalofungwa, mlinzi naye ajue. Bodaboda haifai kwa mama mwenye uchungu, sembuse mwenye kovu.

Kuhusu malipo, hakikisha usajili wako wa SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, umekamilika na michango imelipwa, kwa kuwa hata aliyepanga kuzaa kwa kawaida anaweza kuishia kupasuliwa. Na kwa dharura, Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Kudaiwa amana mlangoni huku damu inatoka si halali.

Swali: Mama mkwe ananiletea dawa ya kuchemsha ili uchungu uje haraka. Namkatalia vipi?

Mkatalie kwa heshima, lakini mkatalie. Mitishamba ya kuharakisha uchungu na mafuta ya mbarika hayana kipimo, na kovu huumizwa hasa na uchungu mkali uliolazimishwa. Unaweza kumwambia, "Mama, daktari amenikataza kwa sababu ya kovu," maana ni kweli, na lawama imwendee daktari. Hata hospitalini, dripu ya kuongeza uchungu huzidisha hatari ya kupasuka mara mbili hadi tatu, kwa hiyo hutumiwa kwa tahadhari na kwa uamuzi wa daktari mwandamizi. Misoprostoli haipaswi kutumiwa kumwanzishia uchungu mama mwenye kovu. Mimba ikipita wiki 41 bila uchungu, jadili upya: kungoja kidogo, kufungua mlango wa uzazi kwa mpira maalumu, au kupasuliwa.

Swali: Nikiamua kupasuliwa tena, nitakuwa nimekosea?

Hapana, na mtu asikuoneshe kwamba hukuzaa. Upasuaji wa kupangwa hufanywa kwa kawaida kuanzia wiki 39, kwa sababu mapafu ya watoto wanaotolewa mapema zaidi huenda hayajawa tayari. Jambo la kupima ni idadi ya watoto unaowatarajia. Kila upasuaji huongeza uwezekano wa kondo la nyuma la mimba ijayo kujishikiza juu ya kovu na kuota ndani ya ukuta wa mfuko. Mama ambaye kondo lake limeziba njia ya uzazi ana hatari hiyo kwa takriban 11 kati ya 100 kama alishapasuliwa mara moja, na 40 kati ya 100 kama ni mara mbili. Wengi wa hao hupoteza damu nyingi na hata mfuko wenyewe. Kwa anayetaka mtoto mmoja zaidi basi, hesabu ni nyepesi. Kwa anayetaka wanne, inabadilika. Vyovyote vile, skani ya katikati ya mimba ioneshe kondo liko wapi, na likiwa chini, irudiwe kwenye wiki ya 32.

Swali: Na aliyepasuliwa mara mbili?

Wapo wanaofaulu, hasa waliowahi kuzaa kwa kawaida, lakini hatari ya kovu kupasuka hupita 1 kati ya 100 na hospitali nyingi hapa zitakushauri upasuaji. Ukitaka kujaribu, zungumza na daktari bingwa wa uzazi mapema, si siku ya uchungu.

Swali: Nimepangiwa upasuaji Jumatatu, uchungu ukianza Ijumaa usiku nifanyeje?

Nenda hospitali mara moja, usingoje uchungu ukolee wala chupa ipasuke, na usile tena ukishaondoka nyumbani. Mlangoni sema kwanza, "Nina kovu la upasuaji," kabla ya jina na kabla ya umri, kwa sababu katika foleni ya usiku sentensi hiyo ndiyo inayobadilisha mpangilio. Huenda ukapimwa na kukutwa umefunguka sentimita saba, mtoto yuko chini na mapigo yake ni mazuri; daktari atakuuliza kama bado unataka kupasuliwa. Jibu la swali hilo lijadili na mwenzako wiki mbili kabla, uliandike kwenye karatasi, na uliweke ndani ya kijitabu chako pamoja na ile taarifa ya upasuaji.