Meanda si alama ya umilele: makosa ya kusoma nakshi za vyombo vya Kigiriki

Kila ninapofundisha kuhusu vyombo vya udongo vya Ugiriki ya kale, swali moja halikosekani: je, ule mstari unaojikunja kwa pembe si ndio alama ya umilele? Sivyo, na nimechoka kulisikia kwa sababu anayeamini hivyo huacha kukitazama chombo chenyewe.

Nakshi hiyo ni meanda, iliyopewa jina la mto Maiandros, ambao leo uko Uturuki na hupindapinda sana. Hakuna maandishi ya Kigiriki ya kale yaliyotufikia yanayosema kwamba inamaanisha umilele. Wanaobisha hunitajia mtungi wa Dipylon, uliotengenezwa karibu mwaka 750 KK na ambao sasa umo katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia mjini Athens: una kimo cha zaidi ya mita 1.5, ulisimamishwa juu ya kaburi, na umezungushiwa meanda safu kwa safu. Lakini meanda hiyo hiyo imo kwenye vikombe vya divai, na katika karne ya 5 KK wachoraji wa Athens waliichora chini ya miguu ya askari na ya walevi bila kubagua. Inapobeba maana, mazingira yake huonyesha hivyo, kama katika sarafu za Knossos, mji wa kale wa kisiwa cha Krete, ambako mistari ya namna hiyo ni picha ya jumba la Minotauro, yule zimwi wa hadithi aliye nusu mtu nusu fahali. Ndiyo maana nasisitiza, hata wanafunzi wakinuna: anza kwa kuuliza chombo kilifanya kazi gani na nakshi imekaa wapi, ndipo uulize maana.

Kosa jingine ni la swastika, yaani misalaba yenye ncha zilizokunjwa: zile zilizochorwa kwenye vyombo vya Kigiriki vya karne ya 8 KK hazihusiani na Wanazi, waliotokea zaidi ya miaka 2,600 baadaye.

Wapo pia wanaosoma imani za Waetruski, watu wa Italia ya kale, katika picha za mtungi wa François kwa kuwa ulifukuliwa katika kaburi lao karibu na Chiusi, ilhali mfinyanzi Ergotimos na mchoraji Kleitias waliutengeneza Athens karibu mwaka 570 KK na kuutia majina yao.

Kudai kwamba nakshi zote ni pambo tupu nako ni kosa. Mzabibu na ivi, mmea unaotambaa, humfuata Dionysos, mungu wa divai. Na mitungi ya mafuta ya zeituni waliyotuzwa washindi wa michezo ya Panathenaia, sikukuu ya mungu wa kike Athena mjini Athens, ina picha ya Athena mwenye silaha, na kando yake maandishi yanayotamka kwamba ni tuzo kutoka Athens.