Ujiji sio kijiji cha pembeni ya Kigoma jamani

Kila nikisema naishi Ujiji mtu ananiuliza "kumbe umehama mjini?", utadhani nimehamia porini. Sasa ngoja niwaweke sawa, Ujiji ndio mji wenyewe wa zamani, wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walifika hapa 1858 wakakuta soko na Waarabu wa biashara ya pembe na watumwa, Stanley akamkuta Livingstone hapahapa 1871, na hiyo Kigoma mnayoiita mjini imekuja kukua baadae, reli ya Mjerumani ilipofika 1914 ikaishia kule bandarini. Leo yote ni manispaa moja, Kigoma-Ujiji, daladala tu unafika.

Wengine wanadhani huku kuna mnara wa Livingstone na miembe basi. Mnara wenyewe mi naupita wala siutazami, watalii wananitazamia. Ujiji ninayoijua ni ya jioni, wazee wa Kimanyema wapo barazani na kofia zao, adhana zinapokezana msikiti huu na ule, na jirani anakaanga mgebuka kwa mawese mpaka shuka nilizoanika zinanuka samaki, nikienda kulalamika ananipa kipande kwenye kisahani, nanyamaza.