Fangasi kwenye damu: si kwamba mgonjwa hakuogeshwa

Taja barazani Ngamiani, Tanga, kwamba mtu aliyepasuliwa tumbo ana fangasi kwenye damu, utajibiwa papo hapo: "Hakuogeshwa huyo."

Sivyo. Kandida, fangasi anayehusika mara nyingi, huishi tumboni na kwenye ngozi ya watu wenye afya zao, hata aliyetoka kuoga sasa hivi. Bakteria wa utumbo humbana asizagae. Mgonjwa akipewa antibiotiki kali siku nyingi, bakteria hao wengi hufa, fangasi akabaki na nafasi. Utumbo ulioshonwa ukivuja, au mpira wa kupitishia dawa uliochomekwa kwenye mshipa mkubwa wa shingoni ukikaa muda mrefu, njia ya kuingia damuni imepatikana. (Usafi una kazi yake, lakini zaidi ni mikono ya anayeushika mpira huo.)

Kinachoonekana ni homa isiyosikia antibiotiki. Hapo ndugu hudai sindano kali zaidi, na ndipo ninapokereka: antibiotiki haiui fangasi. Damu huoteshwa maabara kuona kama fangasi atamea, mpira hutolewa ikiwezekana, na dawa ya fangasi huendelea kwa kawaida siku 14 tangu damu ionekane safi. Macho nayo hukaguliwa, maana kandida huweza kufika huko.