Msizi, clidemia na maneno yanayosemwa kuhusu msitu wa Amani

Nimekuwa nikiambatana na timu za savei ya mimea vamizi, yaani mimea iliyoletwa kutoka nje ikatoroka na kusambaa yenyewe, kule Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, Usambara Mashariki, wilayani Muheza, na kila nikirudi mjini nakutana na maneno yaleyale. Mengine yanauumiza kabisa msitu ule, kwa hiyo niruhusuni niyajibu.

"Msizi ni mti wa kwetu, utakuwaje mvamizi?"

Hili ndo kubwa. Ni kweli msizi, yaani Maesopsis eminii, ni mti wa Afrika, kwao ni kuanzia Afrika Magharibi mpaka Uganda, Kakamega na hata huku kwetu Kagera. Lakini jamani, kutoka Kagera mpaka Usambara kuna mamia ya kilomita za nyika kavu, mti ule usingevuka wenyewe hata siku moja. Uliletwa Amani na watu mwanzoni mwa karne ya 20, baadaye ukapandwa kwa wingi, alafu uvunaji wa mbao uliofanyika mpaka miaka ya 1980 ukauachia mapengo kila mahali, na huu mti ukiona mwanga tu umeshaota na unakua haraka kuliko miti ya pale. Hafu kuna hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa, anakula yale matunda kisha anaenda kuitema mbegu mbali ndani ya msitu ambako hakuna mtu aliyepanda chochote. Ukisimama na kuangalia chini ya mti ambao hondohondo wanapenda kutua utakuta miche ya msizi imejipanga kama kitalu, ilhali mzazi wake humwoni popote.

"Basi kila mmea wa kigeni ung'olewe"

Hapana. Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kama kituo cha utafiti na wakaleta mamia ya aina za mimea kutoka kila pembe ya dunia. Nyingi zimebaki palepale zilipopandwa, zimezeeka na hazisumbui mtu. Zilizotoroka ni chache, na savei inafanyika ili tuzijue hizo chache.

"Savei ni kutembea njiani unahesabu miti"

Ukihesabu kutoka njiani umeshajidanganya, kwa sababu njiani mwanga ni mwingi na wavamizi hupenda hapohapo, utaandika msitu mzima umekwisha kumbe umeona ukingo tu. Tunafuata mstari ulionyooka kwa dira na GPS, ukiangukia korongoni tunaingia korongoni, kila baada ya umbali tuliokubaliana tunavuta kamba tunafunga ploti, yaani kieneo cha kupimia, tunapima unene wa miti usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka chini, kisha tunapiga magoti kuhesabu miche. Miche ndo inakwambia msitu unakoelekea. Na ploti isiyo na mvamizi hata mmoja inaandikwa sifuri, hairukwi, mi naona hiyo sifuri ina thamani kuliko namba zote maana ndo itaonyesha kesho kama wamefika au la.

Pale chini ndo utamkuta clidemia, kichaka kilichotoka Amerika ya kitropiki. Jani lake lina vinyweleo ukiligusa, mishipa yake inaanzia kwenye kikonyo na kwenda sambamba mpaka nchani, na vitunda vyake vya bluu iliyokoza ni vitamu. Kwa mbali utaona kijani tu useme msitu una afya, na hapo ndo wengi wanapokosea.

"Leteni panga, kata, yaishe"

Ukikata misizi mikubwa kwa mpigo umefungua paa la msitu, jua linaingia, na mbegu zilizokuwa zimelala zinaamka zote pamoja na lantana, kichaka kingine cha kigeni ambacho ukikikata kinachipua tena kutoka kwenye kisiki. Kuondoa ni kazi ya hatua kwa hatua, na lazima ujue chini yake kuna miche ya asili ya kushika nafasi au hakuna. Bila savei hujui.

"Nyie wapimaji hamna madhara"

Tunayo. Mbegu za clidemia ni ndogo sana, zinanasa kwenye tope la buti bila wewe kuona. Kwa hiyo tukimaliza ploti tunakaa chini, tunakwangua soli kwa kijiti, tunapiga brashi, tunakung'uta mikunjo ya suruali na mabegi, ndo tunavuta kamba kwenda ploti nyingine.